Muziki wa kisasa wa Ujerumani: nyimbo za watu wanaoulizwa "Umetoka wapi?"

Mzazi wa Gitega anapompeleka mwanawe shule, na mfanyabiashara wa Muyinga anapohesabu hela zake jioni, wote wawili wanatamka maneno yaliyoachwa na Wajerumani. Shule ni Schule. Hela ni Heller, sarafu iliyoanza kutumika katika Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1904, na ambayo Kirundi nacho kiliipokea kwa jina la amahera. Gitega yenyewe ilifanywa makao ya utawala wa Kijerumani mwaka 1912, miaka minne tu kabla ya Wabelgiji kuwafukuza Wajerumani na kushika nchi.

Mengine yaliyotoka Ujerumani hayakufika kwa wingi, na muziki ni mmoja wapo. Kijana wa Muyinga anasikiliza Bongo Flava inayovuka mpaka wa Kobero pamoja na malori ya bidhaa kutoka Tanzania. Anawajua Wanaijeria, anawajua Wamarekani, na kwa kuwa amesoma Kifaransa anawafuata marapa wa Paris na Brussels. Ukimwomba amtaje mwanamuziki mmoja wa Ujerumani wa leo, mara nyingi utajibiwa kwa ukimya. Lugha ndiyo kizuizi cha kwanza. Tena kuna dhana kwamba Ujerumani ni nchi ya magari, mpira na Beethoven, na kwamba muziki wake haumhusu Mwafrika.

Dhana hiyo haina msingi. Tangu miaka ya tisini, sehemu yenye uzito mkubwa katika hip-hop na soul ya Ujerumani imetungwa na watu wenye mzazi mmoja au wote wawili kutoka Ghana, Nigeria, Sudan, Eritrea, Haiti au Afrika Kusini. Jambo waliloliimba zaidi ni lile ambalo Mswahili wa Burundi hahitaji kufafanuliwa: kuzaliwa katika nchi, kusema lugha yake, kuzika wazee wako katika ardhi yake, na bado ukaulizwa umetoka wapi.

Wageni katika nchi yao

Mwaka 1992 ulikuwa mbaya nchini Ujerumani. Nchi ilikuwa imeungana miaka miwili tu kabla yake. Mwezi Agosti, katika mtaa wa Lichtenhagen mjini Rostock, umati ulishambulia kwa siku kadhaa majengo walimokaa waomba hifadhi na wafanyakazi wa Kivietinamu, huku baadhi ya majirani wakipiga makofi. Mwezi Novemba, katika mji mdogo wa Mölln, nyumba za familia za Kituruki zilichomwa moto, na watu watatu wakafa, wawili kati yao wakiwa watoto.

Mwezi huo huo kundi la Advanced Chemistry kutoka Heidelberg lilitoa wimbo "Fremd im eigenen Land", yaani "Mgeni katika nchi yangu mwenyewe". Waimbaji wake walikuwa watatu: Torch, ambaye mama yake ni wa Haiti; Toni L, mwenye asili ya Kiitalia; na Linguist, ambaye baba yake ni Mghana. Wote walikulia Ujerumani na wote walikuwa na pasipoti ya nchi hiyo. Wimbo unaeleza jinsi pasipoti hiyo isivyotosha, kwa sababu kila anayekutazama ameshaamua kuwa wewe si wa hapa.

Wakati huo marapa wengi wa Ujerumani walikuwa wakiiga Kiingereza cha Wamarekani. Mwaka huo huo kundi la Die Fantastischen Vier kutoka Stuttgart lilipata umaarufu mkubwa kwa kurap kwa Kijerumani, lakini kwa mzaha, kuhusu mapenzi na mambo ya vijana. Advanced Chemistry walitumia Kijerumani kwa shabaha nyingine. Waliona kwamba anayetaka kumwambia jirani yake "mimi ni wa hapa" lazima amwambie kwa lugha ya jirani huyo. Linguist, ambaye jina lake halisi ni Kofi Yakpo, baadaye alikuwa mwanaisimu kwelikweli: amefundisha katika Chuo Kikuu cha Hong Kong na kuandika kuhusu lugha za krioli za Afrika Magharibi. Ni nadra jina la jukwaani kumfaa mtu kiasi hicho.

Msomaji wa Kiswahili nchini Burundi atatambua mengi hapa. Waswahili wa Burundi, walio wengi wao Waislamu, wanatokana na wafanyabiashara, wapagazi na askari waliofika kutoka Ujiji, Manyema na pwani, na pia Warundi walioingia katika maisha ya mjini na dini yao. Wabelgiji waliwaweka katika makazi yaliyokuwa nje ya mamlaka ya watemi, kama vile Buyenzi mjini Usumbura, wakawahesabu kuwa watu wasio na mizizi katika mila za nchi. Athari ya jambo hilo ilidumu. Kwa miaka mingi neno "Mswahili" lilitumiwa na baadhi ya watu kumaanisha mjanja asiyeaminika. Kiswahili kilipata heshima mpya baada ya Burundi kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na sasa hufundishwa shuleni, lakini wazee wa Gitega na Muyinga wanakumbuka vizuri zamani kabla ya hapo.

Kifo cha Alberto Adriano

Miaka minane baada ya wimbo wa Heidelberg, usiku wa kuamkia tarehe 11 Juni mwaka 2000, vijana watatu wa siasa kali za kulia walimpiga Alberto Adriano katika bustani ya mji wa Dessau, mashariki mwa Ujerumani. Alikuwa raia wa Msumbiji mwenye umri wa miaka 39, baba wa watoto watatu, aliyefika katika iliyokuwa Ujerumani Mashariki kama mfanyakazi wa mkataba. Alifariki hospitalini siku tatu baadaye.

Mwanamuziki Adé Bantu wa Cologne, mwenye baba Mnaijeria na mama Mjerumani, aliwakusanya wasanii wenzake weusi wakaunda umoja wa Brothers Keepers. Mwaka 2001 walitoa wimbo "Adriano", wenye jina la ziada linalomaanisha "Onyo la mwisho". Kati ya walioshiriki walikuwamo Torch, Samy Deluxe wa Hamburg mwenye baba Msudani, Afrob wa Stuttgart mwenye wazazi wa Eritrea, na Xavier Naidoo wa Mannheim. Wimbo uliingia miongoni mwa kumi bora nchini. Kisha wasanii hao wakafanya jambo ambalo wengi hawakulitarajia: walizuru shule za mashariki mwa Ujerumani na kuzungumza na wanafunzi, wengi wao wakiwa hawajawahi kuongea uso kwa uso na mtu mweusi.

Haitakuwa haki kumtaja Naidoo bila kueleza yaliyofuata. Sauti yake ilikuwa miongoni mwa zilizopendwa zaidi nchini kwa miaka mingi, lakini baadaye alieneza nadharia za njama, na mwaka 2020 kituo cha televisheni kikamwondoa katika jopo la waamuzi wa shindano la waimbaji. Mwaka 2022 aliomba radhi hadharani kwa njia ya video.

Kwa anayetaka upande wa upole wa kizazi hicho hicho, yuko Joy Denalane. Alizaliwa Berlin mwaka 1973, na baba yake ni wa Afrika Kusini. Alijulikana mwaka 1999 kwa wimbo "Mit dir" alioimba na kundi la Freundeskreis la Stuttgart, kisha mwaka 2002 akatoa albamu "Mamani". Ndani yake umo upigaji wa tarumbeta wa Hugh Masekela, na zimo kumbukumbu za familia ya upande wa baba. Ni soul ya Kijerumani inayosikika kana kwamba lugha hiyo iliumbwa kwa ajili ya soul, jambo ambalo kabla yake wengi hawakuliamini. Mwaka 2020 albamu yake ya Kiingereza ilitolewa chini ya nembo ya Motown.

Historia ya ukoloni inarudi kwa mdundo

Mwaka 1897 Bernhard von Bülow, aliyeongoza wizara ya mambo ya nje ya Ujerumani, aliliambia bunge kwamba nchi yake nayo inadai "mahali pake juani". Maneno hayo yakawa alama ya enzi nzima ya ukoloni. Burundi iliangukia katika jua hilo: Mwami Mwezi Gisabo alipigana na Wajerumani mpaka akalazimika kukubali mkataba wa Kiganda mwaka 1903.

Miaka 120 baada ya hotuba ya von Bülow, yaani mwaka 2017, marapa Megaloh na Musa pamoja na mtayarishaji Ghanaian Stallion, wakiitwa kwa pamoja BSMG, walitoa albamu iliyobeba maneno yale yale: "Platz an der Sonne". Wote wana asili ya Afrika. Albamu inazungumzia ukoloni, utumwa na nafasi ya mtu mweusi katika Ujerumani ya leo, juu ya midundo inayochota kutoka Afrika Magharibi. Shuleni nchini Ujerumani ukoloni wa Afrika umepewa kurasa chache kwa muda mrefu. Kwa msikilizaji mmoja mmoja, inawezekana kabisa albamu hii ndiyo iliyomtajia jambo hilo kwa mara ya kwanza.

Si albamu rahisi. Maneno ni mengi na mwendo ni wa kasi. Msikilizaji asiyejua Kijerumani atafaidi zaidi akitafuta mashairi yaliyoandikwa, kisha akayapitisha katika programu ya kutafsiri, hata kama tafsiri ya Kiswahili itakuwa na mikwaruzo yake.

Wanawake, na wale wanaoimba wapendavyo

Ingekuwa kosa kudhani kwamba kila msanii wa Ujerumani mwenye asili ya nje huimba malalamiko. Nura alizaliwa Kuwait, mama yake akiwa Mueritrea, akafika Ujerumani akiwa mtoto kama mkimbizi na kukulia Wuppertal katika familia ya Kiislamu. Alipohamia Berlin aliunda na Juju kundi la SXTN, lililowashtua wengi kwa ukali wa lugha yake; wazazi watahadharishwe. Mwaka 2019 alitoa albamu yake binafsi "Habibi". Anasimulia maisha ya kituo cha wakimbizi, mama, pombe na mapenzi kwa sauti moja isiyoomba ruhusa. Wako watakaochukizwa naye, na huenda hilo halimsumbui.

Ace Tee wa Hamburg, mwenye asili ya Ghana, alitoa "Bist du down?" mwishoni mwa mwaka 2016. Ni wimbo mwepesi unaokumbusha R&B ya Marekani ya miaka ya tisini, na uliwafanya hata Wamarekani wasiojua neno moja la Kijerumani kuusikiliza. Zoe Wees, wa Hamburg pia, huimba kwa Kiingereza. Wimbo wake "Control" wa mwaka 2020 unahusu kifafa alichougua utotoni na mwalimu aliyemsaidia. Katika nchi zetu, ambako kifafa bado huhesabiwa na wengi kuwa laana, kumsikia binti akikitaja wazi jukwaani ni jambo lenye uzito wake.

Mlango ulio mwepesi kuliko yote kwa Mrundi, hata hivyo, ni Namika. Ni mwimbaji wa Frankfurt kutoka familia ya Kimorocco, na wimbo wake "Je ne parle pas français" ulishika nafasi ya kwanza Ujerumani mwaka 2018. Kiitikio kinaanza kwa mstari wa Kifaransa, hadithi iko kwa Kijerumani: msichana amepotea Paris, akakutana na kijana anayemsemesha kwa lugha asiyoielewa. Upo toleo ambalo Black M, rapa Mfaransa mwenye asili ya Guinea, anajibu kwa Kifaransa. Aliyesoma shule Gitega ataelewa sehemu ya wimbo tangu mara ya kwanza na ataweza kubahatisha iliyobaki.

Bendi za gitaa

Muziki wa indi, yaani wa bendi zilizoanza bila kutegemea kampuni kubwa, hauna wafuasi wengi Afrika Mashariki, na hapa hatutakaa sana. Bendi moja inatosha kuanzia: AnnenMayKantereit ya Cologne. Vijana hao walianza kwa kupiga muziki barabarani mwanzoni mwa muongo uliopita, wakijirekodi wenyewe na kuweka video mtandaoni. Sauti ya mwimbaji wao Henning May ni nzito na yenye mkwaruzo, kama ya mzee aliyeazima mwili wa kijana. Wimbo "Oft gefragt" ni shukrani kwa baba aliyemlea. Maneno yake ni machache na hutamkwa polepole, kwa hiyo anayejifunza Kijerumani hawezi kupata mwalimu nafuu kuliko huyo.

Ngoma ni ya nani?

Kilomita chache kutoka mjini Gitega ipo Gishora, patakatifu pa ngoma za kifalme panapohusishwa na Mwezi Gisabo. Mwaka 2014 UNESCO iliingiza ngoma hiyo ya Burundi katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Miaka tisa baadaye, mwaka 2023, Ujerumani iliingiza utamaduni wa hip-hop wa Heidelberg katika orodha yake ya kitaifa ya urithi wa aina hiyo hiyo. Mji wa "Mgeni katika nchi yangu" sasa unahesabu wimbo wa wageni wake kuwa mali ya taifa.

Kabla ya heshima hiyo ya UNESCO, ngoma za Burundi zilikwisha kuzunguka dunia kwa njia nyingine. Zilirekodiwa mwaka 1967 kwa ajili ya lebo ya Ocora ya Ufaransa. Mwaka 1971 mwanamuziki wa huko alizichanganya na piano na gitaa, akatoa "Burundi Black". Joni Mitchell wa Kanada alizitumia mwaka 1975. Mwanzoni mwa miaka ya themanini vikundi vya Uingereza kama Adam and the Ants vikajenga mtindo wao juu ya mdundo huo. Ulaya ikaucheza mdundo, na umaarufu ukaenda kwa majina mengine, si ya wapigaji.

Mjadala huo ulifufuka Ujerumani mwaka 2022. Peter Fox wa Berlin, ambaye albamu yake "Stadtaffe" ya mwaka 2008 iliuzwa zaidi ya nakala milioni moja, na aliyefanya ziara akiwa na kikosi cha wapiga ngoma, alirudi na wimbo "Zukunft Pink". Mdundo wake unatokana na amapiano ya Afrika Kusini. Wimbo ulishika nafasi ya kwanza. Wakosoaji walisema Mzungu tajiri anavuna alichopanda mwingine; watetezi wake walijibu kwamba muziki haujawahi kuwa na mipaka. Kwa mtu wa Gitega, hoja ya watetezi inaingia akilini, ila ingekuwa nzuri zaidi kama jina na fedha navyo vingevuka mipaka kwa urahisi ule ule.

Ziko njia bora zaidi. Lebo ya Outhere ya Munich ilitoa mwaka 2004 mkusanyiko wa Bongo Flava, na pia albamu "Maasai Hip Hop" ya X Plastaz wa Arusha, kwa majina ya wenyewe. Mwaka 2011 mradi wa BLNRB, ulioanzishwa na taasisi ya Goethe mjini Nairobi, uliwaweka studio moja watayarishaji wa Berlin kama ndugu Teichmann na Modeselektor pamoja na Wakenya kama Nazizi, Just A Band na Ukoo Flani. Humo Kiswahili cha mitaani kinasikika juu ya mashine za Berlin, na kila mmoja ametajwa. Leo Mkenya KMRU, aliyesoma sanaa ya sauti mjini Berlin, anaishi kwa kutunga kutokana na milio ya kawaida ya maisha aliyoirekodi, muziki usio na ngoma wala maneno. Si kila sikio litauvumilia.

Namna ya kuanza

Chati za Ujerumani peke yake zitampotosha mgeni. Mwaka 2023 "Komet" ya rapa kijana Apache 207 na mkongwe Udo Lindenberg ilikaa nafasi ya kwanza kwa majuma 21, na ni wimbo mzuri, lakini chati hizo zimejaa pia rap ya matusi na fahari ya fedha. Tuzo kubwa ya nchi, Echo, ilifutwa mwaka 2018 baada ya kupewa marapa wawili ambao wimbo wao ulifanyia dhihaka wafungwa wa Auschwitz. Mwongozo bora ni redio ya COSMO ya shirika la WDR mjini Cologne, ambayo hupiga muziki wa wahamiaji na wa dunia nzima na hupatikana mtandaoni.

Mwenye kifurushi kidogo cha intaneti aanze na Namika, kwa sababu ya Kifaransa chake. Afuatishe "Mit dir" ya Joy Denalane na Freundeskreis. Akibakiwa na kiasi, atafute "Fremd im eigenen Land", asome mashairi yake kwanza, kisha ausikilize pamoja na wazee wa nyumbani na kuwafasiria kila ubeti. Huenda wakawa na la kusema.